Jinsi ya Kumwandikia Rais wa Kubuni Azimio la Mambo ya Nje

Mara ya kwanza nilipomwandikia rais wangu wa kubuni azimio la mambo ya nje, lilifika kurasa kumi na nne. Mlikuwa na uhuru mle, na umoja, na heshima ya Mwafrika, na undugu wa mataifa yote yanayoonewa. Nililisoma Jumamosi moja mbele ya chama cha uandishi cha wanafunzi wangu, madirisha yote yamefunguliwa kwa sababu ya joto la Februari. Nilipomaliza, msichana wa kidato cha pili aliyeketi karibu na mlango aliinua mkono. "Mwalimu," akauliza, "huyu rais anaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipanda matatu ya 58 hadi Buruburu, nikafika nyumbani nikazichana kurasa zote kumi na nne. Haya ninayokueleza hapa yametokana na swali la mtoto yule, na naomba uyafuate kwa subira, kwa sababu hii ni kazi ninayoipenda na sipendi kuiona ikifanywa kwa haraka.

Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Nairobi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika historia mbadala, yaani hadithi inayochukua jambo moja la kweli, ikaligeuza, halafu ikafuata matokeo yake hadi mwisho bila kudanganya. Katika hadithi yangu, Shirikisho la Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya serikali moja, liliundwa kweli. Na nchi yenye rais mmoja lazima ifike siku ambayo rais huyo anasimama kuwaambia walimwengu: hili tutalivumilia, hili hatutalivumilia. Vitabu vingine vinaiita kauli hiyo kanuni, vingine msimamo, vingine fundisho. Mimi natumia azimio. Tangu Azimio la Arusha la 1967 neno hilo lina uzito kwetu. Mtu akilisikia anajua kwamba kuna kitu kimeamuliwa na kuna watu watakaogharamia.

Njia panda

Kila historia mbadala ina njia panda, pale ambapo dunia yako inaachana na dunia iliyotokea. Ifanye ndogo. Ukiipa nchi yako visima vya mafuta na jeshi la watu milioni moja, rais anaweza kutamka lolote, na kwa hiyo lolote atakalotamka halitakuwa na maana.

Njia panda yangu haiko kwenye tamko la Shirikisho lenyewe, kwa sababu tamko hilo lilitolewa. Tarehe 5 Juni 1963, hapa hapa Nairobi, Jomo Kenyatta aliyekuwa Waziri Mkuu kwa siku nne tu, Julius Nyerere na Milton Obote walisema kwamba Shirikisho lingeundwa kabla ya mwaka kwisha. Nyerere alikuwa amekwisha kusema mwaka 1960 kwamba yu tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie pamoja. Kamati ikaundwa, ikaketi, ikabishana. Makao makuu yawe wapi? Uraia uwe wa nani? Nani akope fedha nje? Na nani aseme huko nje kwa niaba ya wote? Uganda haikutaka kupoteza kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Kwame Nkrumah naye, kutoka Ghana, alipinga mashirikisho ya kanda kwa kuona kwamba yatauchelewesha muungano wa bara zima. Mwaka ukaisha. Unaona, basi, kwamba mambo ya nje yalikuwa miongoni mwa visiki ambavyo Shirikisho lilijikwaa. Ndiyo maana nilianzia hapo.

Nilibadilisha kitu kimoja. Agosti 1963, katika hadithi yangu, kamati inakubali kwamba wizara ya mambo ya nje iwe Entebbe na waziri wake wa kwanza atoke Uganda. Serikali inakaa Arusha. Hazina inabaki Nairobi, ambako Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari ina ofisi. Angalia mpangilio huo unakupa nini: azimio litaandikwa Entebbe, litatamkwa Arusha, litalipiwa Nairobi. Faili likipita miji mitatu, kuna mikono mitatu ya kuongeza neno au kufuta neno, na kila mkono una mwenyewe mwenye sababu zake.

Halafu yaache yaliyobaki yatokee kama yalivyotokea. Hapa waandishi wengi huteleza. Wakishaunda nchi wanayoitamani, wanaifutia misiba yote. Mimi niliyaacha Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 mahali pake. Nikayaacha na maasi ya askari yaliyofuata mwezi huo huo: Colito karibu na Dar es Salaam tarehe 20, Jinja tarehe 23, Lanet karibu na Nakuru tarehe 24. Shirikisho langu halikuweza kuyazuia, kwa sababu halikugusa chanzo chake. Askari walitaka mishahara ya haki, na walitaka maafisa Waingereza waache kuwaamuru katika nchi zilizokwisha kupata uhuru. Kabla hujafuta tukio lolote la kweli, jiulize kama njia panda yako imelifikia. Kama haijalifikia, huna ruhusa.

Hofu yenye anwani

Sasa swali la yule mtoto. Chukua maazimio ya marais wa kweli, uyasome ukitafuta hofu peke yake. Utashangaa jinsi yanavyofunguka.

James Monroe alipoliambia Bunge la Marekani tarehe 2 Desemba 1823 kwamba Ulaya isije tena kuanzisha makoloni katika mabara yale, alikuwa akiwahofia wafalme wa Ulaya waliotaka kuirudishia Hispania makoloni yaliyojikomboa, na alikuwa akiwahofia Warusi waliokuwa wakishuka pwani ya kaskazini-magharibi. Harry Truman alisimama tarehe 12 Machi 1947 kuomba dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki, wiki chache tu baada ya Uingereza kumwarifu kwamba haiwezi tena kuzibeba nchi hizo. Jimmy Carter alisema tarehe 23 Januari 1980 kwamba Marekani ingetumia hata nguvu za kijeshi kuilinda Ghuba ya Uajemi. Majeshi ya Kisovyeti yalikuwa yameingia Afghanistan mwezi uliotangulia. Kila mara kuna mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na kuna habari iliyofika mezani kwa rais siku zile zile. Hotuba ikija na maneno makubwa, ujue yamefuata nyuma ya habari hiyo.

Fanya hivi. Tandika ramani mezani, chukua punje za maharagwe, uweke punje kila mahali panapomnyima rais wako usingizi. Nilipofanya hivyo kwa Shirikisho langu nilijikuta na marundo matatu yaliyotazama pande tatu. Kenya ilitazama kaskazini-mashariki, ambako Somalia ilidai eneo lote lenye Wasomali, na tangu 1963 Kenya ilikuwa na mapatano ya ulinzi na Ethiopia kwa ajili hiyo. Tanganyika ilitazama kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa Wareno waliotawala Msumbiji. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Uganda ilitazama magharibi, kuelekea Kongo iliyokuwa ikiwaka.

Nilikaa na ramani ile kwa siku kadhaa, maharagwe yamebaki pale pale tukila upande mmoja wa meza. Kwa sababu tazama ugumu wake. Kenya ilihitaji mipaka ya mkoloni iheshimiwe, la sivyo ingepoteza kaskazini yake. Tanganyika ilihitaji kumsaidia anayepigana na mkoloni ng'ambo ya mpaka wa mkoloni. Rais mmoja atayasema vipi yote mawili kwa pumzi moja? Jibu lilikuja nilipoacha kutazama mipaka nikatazama ule mwezi wa Januari. Serikali zote tatu, zenye bendera mpya, zililazimika kuwaita askari wa Uingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wao. Nyerere aliona uchungu wa jambo hilo waziwazi: aliita mkutano wa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika pale Dar es Salaam mwezi Februari, na mwezi Aprili askari wa Nigeria wakaja kuchukua nafasi ya Waingereza.

Hapo nikaipata hofu ya rais wangu. Anaogopa kuishi tena siku ya kumwita aliyeondoka. Kaskazini, kusini na magharibi, hofu ni hiyo hiyo: jirani akilemewa atamwita mtu wa mbali, na mtu wa mbali akija haondoki.

Mpandishe askari kwenye treni

Marehemu baba alikuwa karani wa reli. Alihamishwa mara nne kabla sijafika darasa la tano, na kitu cha kwanza alichonifundisha kusoma, hata kabla ya kitabu cha hadithi, kilikuwa ratiba ya treni. Kwa hiyo hatua hii naijali kuliko nyingine zote.

Kabla rais wako hajaahidi chochote, chukua kikosi kimoja, ukisafirishe. Kwa mkono, kituo kwa kituo. Mimi nilichukua askari wa Jinja nikajaribu kuwafikisha Mtwara, kuilinda Ruvuma. Jinja hadi Nairobi hakuna taabu, reli ni moja. Nairobi hadi Voi. Voi wanaingia tawi la Taveta, wanavuka hadi Kahe, ile reli iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza. Kutoka Kahe wanateremka kuelekea pwani hadi Dar es Salaam. Hapo reli inawaishia: Mtwara haikuunganishwa na njia hiyo. Wanahitaji meli, na meli inahitaji makaa au mafuta, na bandari, na mtu wa kupika. Nilipomaliza kuiandika safari hiyo nilijua kwamba rais wangu hana uwezo wa kuahidi jeshi kusini. Anaweza kuahidi makao, mahali pa kufanyia mafunzo, hati za kusafiria, saa moja ya redio usiku. Na ukitazama historia ya kweli, hivyo ndivyo Tanganyika ilivyowapa wapigania uhuru, pamoja na kuikaribisha Dar es Salaam Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Treni iliniambia ukweli ambao hotuba ilikuwa imenificha.

Usidhani kwamba azimio la mnyonge haliwezi kuishi. Monroe hakuwa na meli za kutosha kuizuia Ulaya. Jeshi la majini la Uingereza ndilo lililokuwa na nguvu baharini, na Uingereza, kwa ajili ya biashara yake, ilitaka hicho hicho alichokisema yeye. Basi jiulize ni nani ana nguvu na anafaidika rais wako akisema hivi. Andika jina la nchi hiyo pembeni, na usimruhusu rais wako kulitaja hadharani.

Sentensi moja

Hotuba inaweza kuwa ndefu, lakini azimio lenyewe liwe sentensi ambayo kondakta anaweza kuirudia. Yangu, baada ya miezi, ni hii, na rais anaitamka Arusha, Mei 1964:

"Nyumba ya jirani ikishika moto, ndoo ya kwanza itatoka kwetu, na mgeni atakayekuja na maji yake hatabaki na kiwanja."

Andika kwanza barua ya anayepinga. Ni kazi ya lazima, na ndiyo inayoifanya sentensi iwe ngumu kama inavyotakiwa. Mwaka 1823 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, John Quincy Adams, alikataa wazo la kutoa tamko pamoja na Uingereza, kwa sababu hakutaka nchi yake ionekane kama mtumbwi unaofuata nyuma ya manowari ya Waingereza. Bila ubishi wake azimio lile lingekuwa jambo jingine kabisa. Kwangu mimi, anayepinga ni karani mkuu wa Hazina, Nairobi, mtu mwaminifu, na barua yake ina mistari mitatu: ndoo ni za nani, maji yatanunuliwa na nani, na jirani wawili wakichomeana nyumba tutaanza kumwagia ya nani? Swali la tatu lilinilaza macho. Halikuwa la kubuni hata kidogo, maana mapema mwaka huo huo wa 1964 Ethiopia na Somalia walipigana mpakani, na wote wawili ni jirani.

Baada ya hapo, fikiria lugha. Rais wangu anasema Kiswahili. Bunge la Kenya lilikuwa likijadiliana kwa Kiingereza hadi 1974, kwa hiyo kule kuchagua Kiswahili mbele ya wabunge wa nchi tatu ni uamuzi, na wapo watakaoudhika, hasa Buganda. Lakini mabalozi wanahitaji tafsiri, na tafsiri inafanywa Entebbe, na huko ndiko nilikopata kitabu kizima ndani ya neno moja. Mtafsiri wa wizara analiandika "jirani" kwa maana ya nchi huru inayopakana nasi. Ni mtu makini, anataka kuziba mianya. Hajui kwamba amewafungia nje watu wa Msumbiji, ambao nchi yao haikuwa huru. Kwa Kiswahili jirani ni anayekaa karibu nawe, awe na nyumba yake au awe mpangaji wa mtu mbaya. Mpigania uhuru aliyesikia redioni anavuka Ruvuma akidai ndoo yake. Balozi wa Ureno anafungua karatasi yake na kuonyesha kwamba hakuna aliyemwahidi.

Ukidhani ni mambo madogo, kumbuka Mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Ethiopia na Italia. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimruhusu Menelik, mfalme wa Ethiopia, kuitumia Italia katika mawasiliano na nchi za nje. Kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Ugomvi huo ulifika vitani, Adwa, tarehe 1 Machi 1896.

Kuhusu jina: usimwache rais alipe azimio lake jina. Monroe hakuliita lake kwa jina lake, waliokuja baadaye ndio waliofanya hivyo. Richard Nixon alianza kuusema msimamo wake akizungumza na waandishi wa habari kisiwani Guam, Julai 1969, bila jukwaa wala sherehe. Langu liliitwa Azimio la Ndoo na watu wa sokoni, wizara ikajitahidi kuwakataza, ikashindwa.

Lipime kwa rafiki

Azimio linalopimwa na adui halifundishi kitu, kwa kuwa kumkatalia adui ni rahisi. Mlete rafiki.

Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo ulioitwa kwa jina la Hallstein tangu 1955: tutavunja uhusiano na nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki. Ulionekana mkali na safi hadi ulipofika kwetu. Zanzibar baada ya mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki, kisha tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana, na Tanganyika ilikuwa rafiki wa Ujerumani Magharibi. Nyerere akatafuta njia ya kati, ubalozi mdogo tu wa Wajerumani wa Mashariki hapo Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965. Nyerere akawaambia waondoe na misaada mingine ya serikali. Wenye azimio walijikuta wamempoteza rafiki ambaye hawakutaka kumpoteza, kwa sababu walikwisha kujifunga kwa maneno yao. Ninawasomea wanafunzi kisa hiki kila mwaka, na kila mwaka kuna mmoja anayesema, "Lakini Mwalimu, si wangenyamaza tu?" Ndiyo. Azimio humnyang'anya mtu nafasi ya kunyamaza.

Kipimo changu kilikuwa Biafra. Katika hadithi yangu niliwaacha askari wa Nigeria waje Colito kama walivyokuja kweli, maana hakuna Shirikisho ambalo lingeviamini vikosi vyake miezi mitatu baada ya maasi. Kwa hiyo ndoo ya kwanza ya Azimio la Ndoo ililetwa na Nigeria, kutoka mbali, na askari wake wakarudi kwao bila kudai kiwanja. Ni deni. Kisha Mei 1967 Biafra inajitenga na Nigeria, na njaa inaanza kuua watoto. Katika historia ya kweli Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, na Kenya haikuitambua. Nchi mbili, dhamiri mbili, kila moja ikaenda na yake. Lakini Shirikisho langu lina mdomo mmoja.

Sura hiyo niliiandika mara nne. Mara ya kwanza rais aliitambua Biafra, na nikaona nimemsahaulisha deni. Mara ya pili alikataa akitoa hotuba nzuri kuhusu umoja wa mataifa, na nikaona nimempa kichaka cha kujifichia huku watoto wakifa. Mara ya tatu nilimfanya msuluhishi aliyefanikiwa, na nikaona aibu, kwa sababu wengi walijaribu kusuluhisha vita vile na damu ikaendelea hadi Januari 1970. Mara ya nne nilisoma tena sentensi yake. Biafra si jirani. Azimio linamruhusu kukaa kimya. Anakaa kimya, na kijana wa wizara kule Entebbe, aliyeiandika sentensi, anavua kitambulisho chake, anakiacha juu ya faili na kwenda zake kwao. Sikumpa rais jibu jema, kwa sababu kila nikilitafuta hadi leo silioni. Usimpe wako pia, kama hujaliona.

Pa kuchimba

Hili nitalipita haraka. Ukiwa Nairobi, nenda jengo la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, lililokuwa benki zamani. Wengi hukutana nje yake na kuagana nje yake bila kuingia. Ingia. Ukimaliza kutazama mkusanyiko wa Joseph Murumbi, ambaye mwenyewe alikuwa waziri wa mambo ya nje katika miaka ile ile, omba magazeti ya zamani. Soma ya mwezi uliotangulia hotuba yako, usisome ya siku ya hotuba. Unatafuta watu walikuwa wakihofia nini kabla hawajaambiwa wahofie nini. Maktaba ya McMillan iko umbali wa kutembea. Wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara pia wana hazina, ila uwe na saa nzima.

Mtu wa mpakani

Azimio lako halijakamilika mpaka umelishusha hadi kwa mtu mwenye muhuri. Andika waraka. Rais akisema sentensi, wizara inatoa barua, barua inakuwa waraka wa mistari sita, na waraka unabandikwa kwa gundi nyuma ya mlango wa kituo cha mpakani. Hapo ndipo raia anakutana na sera ya mambo ya nje. Asilimia kubwa ya maazimio ya kubuni ninayoletewa na vijana huishia ikulu, na ndiyo maana hayana harufu.

Mama yangu alitoka Taveta. Dada yake, mama mdogo, aliolewa Moshi, ng'ambo, safari isiyomaliza asubuhi moja. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo bibi alifariki. Mama mdogo hakumzika mama yake. Alipata habari kwa barua iliyozunguka, matanga yamekwisha kuondolewa. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mama akiwa ameshika ufagio uani, hafagii, anatazama upande wa mlima.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumrudishia mama mdogo safari ile. Lakini katika dunia yangu, kati ya Taveta na Moshi hapana mpaka. Shirikisho limeufuta. Kilio changu hakina mahali pa kutokea. Ilinichukua muda kuelewa nifanye nini, na ndilo somo ninalotaka ulichukue hata ukiyaacha mengine: uhamishe uchungu wako hadi mahali ambapo dunia yako bado inauma. Nilitazama ramani ya Shirikisho nikitafuta mji uliokatwa katikati na mpaka wa nje, wenye ndugu upande huu na upande ule. Nikaiona Moyale. Mpaka wa Ethiopia unapita ndani yake.

Kwa hiyo waraka wa Azimio la Ndoo unafika Moyale. Mstari wa nne unasema kwamba wakati wa dharura katika nchi jirani, mtu aliyefiwa avushwe kwa siku tatu bila kibali, kwa neno la wazee wawili. Karani wa mpakani ni kijana kutoka Tabora, hajapazoea huko. Mwanamke anasimama mbele yake bila karatasi, na nyuma yake wazee wawili wanaochoka kusimama. Karani anausoma waraka. Hakuna mahali ulipoeleza kama kuuawa kwa mifugo na ukame ni dharura, au kama dharura ni vita tu. Anaweza kupiga simu Arusha, na simu itajibiwa kesho. Maiti haingoji kesho. Niliandika kurasa tisa za karani huyo akiwa ameshika muhuri, na ndizo kurasa pekee za kitabu ambazo sijawahi kuzigusa tena.

Jambo la mwisho la kufanya ni kumsomea mtu aliyeishi miaka ile. Usimsomee profesa. Mimi nilimpigia simu mama mdogo, sasa ni mzee sana, nikamsomea hotuba ya Arusha, waraka, na sura ya Moyale. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hao watu wa sokoni kwako wanasema 'Shirikisho, Shirikisho' kama redio. Sisi Moshi tusingesema hivyo. Tungesema serikali ya juu."

Nilizipitia sura zote usiku ule ule. Neno hilo lilikuwa limetoka vinywani mwa wauza ndizi, mabaharia na makuli mara thelathini na moja. Nimelibadilisha kila mahali isipokuwa kwa yule karani wa Hazina, ambaye ana sababu ya kulisema.